Arobaini ya Mkono

Siku ya thelathini na nane ya arobaini ya mkono wake, Kidawa alikuwa amekaa juu ya kigoda uani kwake Kizimkazi, dada yake Saadiya akimchana nywele. Mkono wenyewe, wa kulia, ulikuwa umefungwa kwa khanga mbili, moja ya kifuani na moja ya shingoni, umelazwa juu ya mto mdogo wa pamba uliobaki tangu utoto wa binti yake Badria. Asubuhi ulikuwa umeshasingwa kwa mafuta ya nazi, ukakandwa kwa maji ya mchaichai, ukaombewa dua. Tangu utoke hospitali haukuwa umenyanyua kitu chochote, hata kijiko.

Wazo la arobaini lilikuwa la Saadiya. Kidawa alikatwa titi la kulia kwa sababu ya saratani, pamoja na matezi ya kwapani, na siku ya kuruhusiwa, muuguzi mmoja mwenye haraka zake alimwambia maneno matatu tu: "Mkono usichoshwe, mama." Saadiya, aliyekuwa nyuma amebeba mkoba, aliyasikia akayatia moyoni. Katika maisha yake alikuwa ameshawalea wazazi kumi na mmoja waliojifungua, wake za ndugu na mabinti wa majirani, na kumpumzisha mwanamke aliyetoka hospitali alikujua kwa njia moja: siku arobaini ndani, joto, mafuta, uji wa pilipili manga, na asithubutu kunyanyua kitu. Kwamba safari hii hapakuwa na mtoto halikumbabaisha hata kidogo. Mzazi alikuwa mkono, akaulea huo.

Jamaa wote wakaitika. Simai, mume wa Kidawa, aliosha vyombo na kufua nguo, na maneno ya wavuvi wenziwe aliyaacha yapite. Majirani walileta mikate ya kumimina. Wageni waliokuja kumjulia hali Kidawa waliuuliza na mkono nao kama umelala vizuri. Sidhani kama Unguja nzima upo mkono uliopata kupendwa namna ile.

Siku ya arobaini ulifunguliwa, ukafukizwa udi, na Saadiya akakaa mbele yake kwa furaha.

"Haya, unyanyue."

Kidawa akaunyanyua. Ukapanda hadi usawa wa ubavu wa mwisho, ukasimama.

"Unyanyue basi."

"Ndo nnaunyanyua."

"Huko?"

"Ndo huko, dada."

Saadiya aliutazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekula na kulala siku arobaini, kisha asubuhi ya kuondoka akaagiza maji ya kuoga. Akausukuma kidogo kwa kidole. Kidawa akapiga kelele. Kwapani mlikuwa na kitu kimejinyonga, kigumu, kimevutwa kutoka kifuani hadi kiwiko, mfano wa kamba ya mwani iliyokazwa baina ya vijiti viwili.

Kidawa hakuwa mtu wa kulia ovyo. Alilima mwani miaka ishirini, maji ya bamvua yakimfika kiunoni, na gunia la mwani mbichi alilitia kichwani mwenyewe. Lakini alasiri ile alilia, na sababu yake kila mtu pale uani aliijua. Badria, binti yake wa pekee, alikuwa anaolewa mwezi wa Shaabani, wiki tisa mbele. Siku ya taarabu ya wanawake, mama wa bibi harusi ndiye anayefungua kutuza. Huinuka kwenye kiti chake cha mbele, akacheza taratibu katikati ya watu wote, noti mkononi na mkono uko juu kabisa, hadi kwa mwimbaji. Mama asiponyanyua, hanyanyui mwingine. Na tuzo hutolewa kwa mkono wa kulia, kwani kwa wa kushoto kwao haitolewi hata chumvi. Kidawa alikuwa ametuza katika harusi za watoto wa watu tangu yeye mwenyewe mwari, na miaka ishirini na mitatu alikuwa anaingoja siku ya kumtuzia wake.

"Ntakunyanyulia mie," Saadiya akasema.

"Wewe umeshanyanyua kwa wanao wanne."

Saadiya akazikunja zile khanga mbili, akaziweka.

*

Wiki iliyofuata Kidawa alikwenda mjini kuangaliwa kidonda. Daktari akakitazama, akafurahi, akasema kimepona vizuri sana. Akaandika dawa na tarehe ya kurudi, akamwita mwengine. Kuhusu mkono hakuuliza, na Kidawa hakutaja, kwa kuwa aliyeulizwa ni kidonda.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, alianza kazi ya kujifunga mtandio kwa mkono mmoja. Alikuwa amefika katikati, kitambaa kimemziba jicho, aliposikia sauti kando yake.

"Shoga, mkono huo umemwekea nani amana?"

Alikuwa mwanamke mnene, meno ya mbele yana mwanya, manukato yake yamejaza ukumbi. Jina lake Shemsa, akiuza vitambaa Darajani. Kidawa alimweleza habari ya arobaini, na Shemsa alicheka hadi akajishika ubavu. Halafu akaacha kucheka, maana wake yeye ulilala miezi saba, na kwao hawakuusinga wala kuuombea dua. Waliuacha tu.

"Umeshakula?"

"Nshakula."

"Basi nyanyuka. Leo Jumatano."

Wakaenda kwa miguu hadi Malindi, kwenye kichochoro cha nyuma ya bandari, ambako Bi Indumati alikaa peke yake katika nyumba ya ghorofa mbili ya marehemu baba mkwe wake. Alikuwa amefanya kazi ya kunyoosha viungo vya watu hospitalini kwa miaka thelathini na moja. Alipostaafu, kiti chake kilikaa kitupu, kikavunjika mguu, kikatolewa nje, na mtu wa kukikalia hakuletwa. Ndipo mwaka jana alipofungua chumba cha chini, kilichokuwa bohari ya vitambaa vya familia, akakipaka chokaa, akawaambia wanawake wawili waje siku ya Jumatano. Sasa, kwa kuja Kidawa, walikuwa wanane.

Kidawa aliona kwamba mlango ulikuwa juu kidogo kuliko milango ya majirani. Palikuwa na ngazi nne za kuupandia, tatu kati yake mpya, saruji yake haijapata hata ukungu. Baraza nayo ilikuwa juu, na wazee watatu waliokaa wakinywa kahawa walikuwa wananing'iniza miguu kama watoto. Aliwaamkia, wakaitikia, akapita.

"Shikamoo, Bi Indumati."

"Marahaba, mwanangu. Lete huo mkono."

Bi Indumati alikuwa mfupi, sari yake ya kazi ameichomeka kiunoni, miwani imefungwa uzi shingoni. Aliushika mkono kwa vidole viwili, akaufuata kutoka kiganjani hadi kwapani, akafika kwenye ile kamba akasimama.

"Nani kaufunga huu?"

"Dada yangu."

"Anakupenda?"

"Sana."

"Basi mapenzi yake itabidi tuyafungue polepole," Bi Indumati akasema, akamsimamisha mbele ya ukuta.

Ukuta ulikuwa mweupe, na juu yake kila mwanamke alikuwa na alama zake za wanja, mstari juu ya mstari, wa chini kabisa ukiwa siku yake ya kwanza. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo hata ikatia haya. Unasimama hatua moja kutoka ukutani, unaweka ncha za vidole, unavitembeza kwenda juu. Ukivutika, unasimama hapo hapo, unavuta pumzi tano. Ukiumia, unashuka.

"Kaa wa pwani umemwona anavyotembea?" Bi Indumati akauliza.

"Mimi wa Kizimkazi, bibi."

"Haya, kaa huyo. Mpandishe."

Kaa wa Kidawa alipanda hadi usawa wa titi lililobaki. Akavuta pumzi tano, jasho likimtoka, na wenziwe saba wakipanda wa kwao kulia na kushoto. Pumzi zote nane zilipokutana, alihisi sakafu ikimsukuma nyayo, kidogo tu.

"Kitu gani hicho?"

"Nyumba inapanda," Shemsa akasema. "Usiikate pumzi."

Kidawa hakuikata. Bi Indumati akampigia mstari wake wa wanja ukutani, kisha akatoka nje na futi ya kushonea, akapima kutoka barabarani hadi kizingitini. Ilikuwa imeongezeka upana wa kidole kimoja, kama Jumatano zote.

*

Wiki zilizofuata Kidawa hakukosa. Walijifunza kunyanyua mti wa fagio kwa mikono miwili, ule mzima ukiubeba ule mgonjwa. Walijifunza kuning'iniza mkono na kuuzungusha, kuchana nywele kisogoni hata kama huna nywele, na wawili kati yao hawakuwa nazo. Shemsa aliwachana hewa kwa madaha kiasi cha kuwatia wivu wenye nywele. Walicheka sana katika chumba kile. Walilia pia, mara nyingine kwa sababu hiyo hiyo, na Bi Indumati aliacha walie mradi vidole havijashuka.

Nyumba ilipanda, na mtaa ukajipanga. Silima, fundi wa mawe, alikuja kila ilipobidi kuongeza ngazi, wala hakuuliza kwa nini, maana kuuliza hakuongezi ngazi. Mafundi wa umeme waliurefusha waya. Chini ya msingi ulifunguka uwazi wenye kivuli, na paka wa Malindi wakahamia humo na watoto wao. Wale wazee wa barazani walisema upepo wa bandari sasa wanaupata vizuri zaidi, na muuza kahawa akanunua kikapu cha kamba cha kupandishia vikombe.

Jumatano ya tano ilikuwa ya Kidawa. Kaa wake alikuwa amekwama wiki mbili usawa wa kidevu. Siku ile alivuta pumzi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na katika ya nne ile kamba ya kwapani ikaachia. Ililia, ta, chumba kizima wakaisikia. Vidole vikapita pua, vikapita paji la uso, vikasimama mahali ambapo Kidawa hakuwa amefika tangu kabla ya kisu. Alifurahi hata akasahau kuvuta pumzi ya tano. Alipiga vigelegele, wenziwe wakampokea, na nyumba ya Bi Indumati ikapanda shubiri nzima kwa mpigo mmoja, vikombe vikalia kabatini ghorofa ya pili.

Shubiri ile ndiyo iliyowaponza. Paa lilikuwa limepita mapaa ya jirani, na likaonekana katika dirisha la ofisi ya majengo.

Alhamisi asubuhi, kabla hata chai haijaiva, Bwana Mahfoudh alikuwa mlangoni na mkoba wake. Alikuwa mtu wa adabu, shati limepigwa pasi, na alizipanda ngazi zote sita bila kushika ukuta. Kidawa alikuwepo, kwa kuwa alilala mjini kwa Shemsa.

"Jengo limeongezeka urefu, Bi Indumati."

"Halikuongezeka. Limepanda. Urefu ni ule ule, pima."

Bwana Mahfoudh akapima kutoka kizingitini hadi paani, na urefu ulikuwa ule ule. Akapima kutoka barabarani, ukawa mwengine. Akaandika vyote viwili.

"Nani kalipandisha?"

"Wagonjwa wangu."

"Kwa vifaa gani?"

"Vidole."

Akaandika: vidole. Kisha akaeleza, kwa upole na kwa masikitiko ya kweli, kwamba ndani ya Mji Mkongwe jengo halipandi wala halishuki bila kibali, kwamba kibali kinaombwa kwa fomu, kwamba fomu huchukua miezi sita, na kwamba kabla ya hapo hakuna kidole kinachoruhusiwa kuupanda ukuta huu.

Bi Indumati hakubishana. Aliingia ndani akarudi na jalada la kijani. Ndani yake mlikuwa na barua kumi na nne, za miaka minne, kila moja inaomba kitu kimoja: mtu mmoja tu, aliyesomea, akae hospitalini siku ya wanawake kuruhusiwa, awaonyeshe jinsi ya kuunyanyua mkono kabla hawajaenda makwao. Na mwengine mmoja wa kuzunguka mashamba.

"Hizi hazijajibiwa hata moja," akasema. "Wewe paa langu limekuleta kwa siku moja. Nataka kujifunza kwako, mwanangu. Mnafanyaje nyinyi?"

Bwana Mahfoudh alizisoma zote, amesimama, ukurasa baada ya ukurasa. Alipomaliza alizipanga vizuri akamrudishia kwa mikono miwili.

"Hizi si za ofisi yetu," akasema.

"Najua."

"Zimeandikwa vizuri sana."

"Ahsante."

Kidawa alikuwa amesimama mbele ya ukuta, anauangalia mstari wake mpya, wino wa wanja haujakauka sawasawa. Zilikuwa zimebaki wiki nne kasoro. Mkono ulikuwa umefika kwenye paji la uso, na noti haitolewi kwenye paji la uso. Bi Indumati alishamwambia wazi kwamba bega likilala wiki mbili litarudi lilikotoka. Ndipo akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:

"Bwana, na nyumba ya Kizimkazi ikipanda, inataka kibali?"

Bwana Mahfoudh akakaa, akaikunjua ramani yake juu ya magoti. Akaifuata kwa kalamu kutoka Malindi, akapita Forodhani, akapita Shangani, akafika ukingoni mwa karatasi.

"Huko," akasema, "ramani yangu haifiki."

*

Jumatano iliyofuata gari la kukodi liliwashusha Kizimkazi Bi Indumati na wanawake saba, na miti saba ya fagio, na kijaluba cha wanja. Saadiya aliwapokea kwa mashaka. Alikuwa amesikia habari za mjini nusu nusu, na kwake yeye mwanamke aliyekatwa na kushonwa kumsimamisha ukutani kulikuwa ukatili. Alikaa mlango wa jikoni, mikono ameikunja, akawatazama wakiipandisha nyumba ya mdogo wake, nyumba ya mawe na udongo, bati juu, vyumba viwili. Akamwona Kidawa anafika puani, anafika utosini, jasho linamtoka, anacheka.

Nyumba ile ilikuwa nyepesi kuliko ya Malindi. Ilipanda vidole vitatu mara moja, na kuku wakaingia chini yake.

Saadiya akainuka, akaenda nyuma ya nyumba. Kidawa alipomfuata alimkuta anafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Mie ndo nilokulemaza."

"Hukunilemaza."

"Siku arobaini, Kidawa! Nakukanda, nakufunga, nakulisha kwa kijiko. Na kumbe nnakufunga kamba."

"Dada, wewe ndo ulokuwepo," Kidawa akasema. "Aliyejua hakusema, na aliyependa hakujua. Nikuchukie wewe uliyenipenda?"

Wakakumbatiana, na Kidawa akamkumbatia kwa mikono yote miwili, wa kulia ukipita juu ya bega la dada yake wenyewe, bila kusaidiwa. Wote wawili walisita kidogo wakauhisi ulipo. Saadiya akacheka huku kamasi zinamtoka.

Tangu siku ile hakuna aliyekuwa mkali kama Saadiya. Bi Indumati alikuja Jumatano, lakini Saadiya alikuwepo siku zote. Alimtoa Kidawa kitandani alfajiri baada ya sala, akamsimamisha ukutani, akamhesabia pumzi. Alimtia kijiko mkononi, akamwambia ale mwenyewe, tena kwa mkono wa kulia. Alipoona Simai anaosha sahani alimfukuza jikoni, na Simai, aliyekuwa amezoea na ameanza kuipenda ile kazi, akaondoka shingo upande. Akaenda kukata gogo la mnazi, akaliweka mlangoni liwe ngazi. Wiki ya pili akaongeza la pili. Wiki ya tatu, Badria aliyekuwa jikoni anakuna nazi aliona kutoka dirishani watalii wanaruka majini kuwafuata pomboo, kitu ambacho dirisha lile halikuwahi kuonyesha, akamwita mama yake aje atazame.

Kijijini watu waliizoea haraka. Waliopita walisema tu, "Naona mmepanda," na wenye nyumba walijibu, "Tunashukuru Mungu."

*

Taarabu ilikuwa alasiri, uwanjani, chini ya turubai la rangi ya samawati. Wanawake walikuwa wamevaa sare, wanja na hina na asumini, joto limewachemsha, na watoto wanakimbizana baina ya viti. Bi Indumati alikaa safu ya pili katika sari ya hariri ya zambarau. Wale saba wa Jumatano walikaa pamoja naye. Badria alikuwa juu ya jukwaa, macho chini kama inavyotakiwa, lakini Kidawa aliona kwamba anachungulia.

Mwimbaji akafungua kinywa. Watu wakamgeukia mama.

Kidawa akainuka. Noti ilikuwa katika kiganja cha kulia. Akatoka kwenye kiti chake kwa mwendo wa polepole, kiuno kikijibu ngoma, mkono bado uko chini. Alifika katikati. Akavuta pumzi moja, na mkono ukaanza kupanda. Ukapita ubavu, ukapita bega, ukapita sikio. Kwapani palivutika, akasimama hapo, akacheza mahali pamoja, akavuta pumzi tano katikati ya wimbo mbele ya watu wote bila haraka. Saadiya, kwenye safu ya mbele, alikuwa anazihesabu kwa midomo. Ya tano ilipotoka, mkono ukanyooka wote, kiwiko na kiganja na noti, juu ya kichwa cha Kidawa, na turubai likanyanyuka na nguzo zake zote, upepo ukapita chini, watu wakasema aah.

Alitakiwa atoe noti arudi. Hakutoa. Alikuwa ameungoja mkono huu na hakuwa na haja ya kuushusha. Alizunguka uwanja mzima nao uko juu, akapita mbele ya wakwe, akapita mbele ya Simai aliyekuwa anachungulia kutoka nje ya turubai na wanaume wenziwe, akapita mbele ya Badria, na Badria akasahau kutazama chini. Mwimbaji aliurudia ubeti mara nne. Bi Indumati alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Furaha ya Kidawa ilikuwa kubwa hata hakuisikia miguu yake, na kwa kweli miguu haikuwa imegusa chini vizuri, kama kidole kimoja hivi, lakini alikuwa amevaa nguo ndefu na haikuonekana.

Noti ilipotolewa hatimaye, wanawake wote wakainuka kutuza.

Hapo ndipo Kidawa, akirudi kitini anahema, alipowaona. Safu ya nyuma kabisa, karibu na masufuria, palikuwa na wanawake watatu waliobaki wamekaa. Mmoja alimjua kwa sura, wa Muyuni. Wengine wageni, wa upande wa Makunduchi. Walikuwa wanacheka na wanapiga makofi kama watu wote, lakini makofi yao yalikuwa ya chini, mapajani, viwiko vimeganda mbavuni. Mmoja noti ilikuwa mkononi mwake tayari, ameikunja ndogo ndogo.

Kidawa akawaendea, akachuchumaa.

"Tangu lini?"

"Mie mwaka," akasema wa Muyuni. "Huyu miezi mitano. Huyu wiki ya tatu."

"Na hospitali wamekuonyesheni nini?"

Wakatazamana.

"Hawajatuonyesha kitu."

Kidawa aliichukua ile noti iliyokunjwa, akaikunjua, akairudisha katika kiganja cha kulia cha mwenyewe, akakifunga vidole. Akawaambia nyumba yake ni ile ya juu, hawawezi kupotea, waje Jumatano na waje na wanja.

Wakaja watatu. Jumatano ile nyumba ilipanda dhiraa nzima, na kilio na vicheko vilisikika hadi msikitini. Usiku huo huo Kidawa alikwenda kulala mapema, akaamka alfajiri, akafagia ngazi zote za magogo, akapika chai ya tangawizi na mandazi, akatandika mkeka mpya barazani. Saadiya alipouliza anamngoja nani, alisema mtu wa ofisi, ramani yake ifike isifike. Paa la Malindi lilipanda shubiri tu wakaja siku ya pili yake na mkoba, na hili limepanda dhiraa. Akija, atamkaribisha, atampa chai, atamwacha apime anavyotaka. Halafu atamwambia aandike na majina ya hawa watatu.

Akangoja Alhamisi nzima. Akangoja na Ijumaa, hadi watu walipotoka msikitini. Kutoka juu pale aliiona barabara yote ya mjini, nyeupe, hadi inapopotea kwenye minazi, na hapakuwa na mtu.